Mwanamume Aliyeletwa Nyumbani Kwangu na Gazeti Lenu

Ndugu Mhariri,

YAH: MWANAMUME ASIYEKUWEPO, NA OMBI LA KUMWONDOA

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wachapaji wako, na hata yule mtaalamu wenu wa ukurasa wa "Nyumba Salama", ingawa kwa huyo natumaini kwa kujilazimisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na mapazia katika nyumba ya mwisho kando ya mfereji, mlango wa bluu. Ni mjane, huu mwaka wa tatu, na watoto sikujaliwa. Mwezi wa pili, nilipotoka kwenda kununua uzi, wezi walivunja dirisha la nyuma wakachukua pasi, mkasi wangu mkubwa na robota la kitambaa cha khaki. Wasichoweza kukibeba walikimwagia mafuta ya cherehani. Walimwaga hata vifungo, Ndugu Mhariri. Sasa kifungo mwizi kimemkosea nini? Niliokota vifungo siku tatu nikiwa nimepiga magoti, na kwa siku hizo zote kila bati lililolia nilijua ni wao wanarudi.

Ndipo nikasoma ukurasa wenu. Mtaalamu aliandika kwamba mwanamke anayeishi peke yake hana haja ya mlinzi wala mbwa, anachohitaji ni "dalili za mwanamume". Nilikata ukurasa ule nikaubandika ukutani juu ya cherehani, nikaufuata neno kwa neno kama mgonjwa anavyofuata dawa. Yaliyonipata nayapanga hapa chini kwa namba, asije mtaalamu akasema sikumwelewa.

1. Viatu. Aliagiza viwekwe mlangoni viatu vya kiume, vikubwa, vilivyochakaa. Nilikwenda kwa muuza mitumba nikachagua buti ambazo hata yeye alikuwa amezikatia tamaa: ndefu kama mitumbwi, kisigino cha kushoto kimelika upande. Nikaziweka kwenye mkeka Jumatatu asubuhi. Chai haijachemka, kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekwisha kuziona. Kinyozi huyu ana mkasi mmoja na masikio manne. Kila kichwa alichokinyoa siku ile kiliingia kizito kwa nywele, kikatoka kizito kwa habari. Jioni muuza maziwa akaniuliza, kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha, kama sasa anipimie lita mbili.

Nikamwambia, "Nipimie ile ile moja."

"Kumbe bwana hanywi maziwa," akasema, akaenda kulitangaza na hilo.

2. Redio. Aliagiza kwamba nikitoka niiache redio ikizungumza, tena sauti za kiume. Nikaiacha kwenye kipindi cha wachambuzi wa mpira. Niliporudi nilimkuta kinyozi amesimama chini ya dirisha langu, taulo la mteja begani, anabishana na redio. Mteja mwenyewe yuko nyuma yake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu inangoja, naye anaunga mkono upande wa ndani. Kinyozi aliponiona akanishika mkono.

"Shemeji, bwana mpira anaujua, hilo sibishi. Lakini hampi mtu nafasi ya kusema!"

Nikamweleza kwamba ile ni redio. Akacheka mpaka akachuchumaa. "Na unamtetea," akasema huku anafuta machozi kwa taulo la mteja. "Hayo ndiyo mapenzi."

3. Nguo kambani. Hapa nakiri kosa langu. Mtaalamu aliandika tu kwamba nianike nguo za kiume, na mtu mwingine angeazima suruali yoyote ile. Lakini mimi ni fundi, siwezi kuanika kitu kilichokaa vibaya watu wakakiona. Nilizitazama zile buti, nikakisia kimo cha mwenye nazo, nikamkatia suruali mbili na shati la mikono mirefu. Shati nikalitilia mfuko wa ndani wa kalamu. Sijui nani aliniambia kwamba anaandika.

Nguo zilipopepea kambani mtaa ukapata kimo chake, na kimo kikishapatikana yaliyobaki hayana kazi. Fundi bomba aliapa kwamba amewahi kufanya naye kazi. Mwingine akasema ni mtu mpole ila usimguse chakula chake. Wiki ya pili ilipokwisha mwanamume huyu alikuwa na tabia zake, marafiki zake na maradhi yake ya mgongo, na mimi niliyemshona ndiye peke yangu nisiyemfahamu.

4. Mama mkwe. Hili naliandika taratibu.

Mama wa marehemu mume wangu alikuja mchana mmoja kwa miguu, na magoti yake yale. Alisimama mbele ya buti muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu alivaa namba nane."

Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia kweli tupu: mama, hakuna mtu, ni mambo ya gazeti, ni kwa ajili ya wezi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema, "Mwanangu, usimkane mtu na viatu vyake viko mlangoni. Si uungwana."

Akalia. Nami nikalia. Katikati ya kilio akaniwekea mkono kichwani akanipa baraka zake zote, akasema amekuwa akiniombea mtu wa kunitazama tangu siku ya maziko, ila alikuwa anaona haya kunitamkia. Kesho yake akaniletea kwa mkokoteni kiti cha marehemu, kile chenye mikono, ambacho mimi kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kukikalia, ili bwana apate pa kupumzishia mgongo. Hebu jiweke mahali pangu, Ndugu Mhariri. Ndoa yangu imeridhiwa na kila mtu anayehusika isipokuwa bwana harusi.

5. Mwenyekiti wa mtaa. Jumamosi huwa tunazibua mifereji, na kila nyumba yenye mwanamume hutoa mtu mmoja na koleo. Mimi nilikuwa nimesamehewa. Sasa ikaja barua, "Kwa Bwana wa Nyumba ya Mwisho". Bwana hakwenda. Ikaja ya pili, kwa wino mwekundu. Nikazitia buti kwenye mfuko, nikaenda ofisini, nikazipanga juu ya meza yake.

"Mwenyekiti," nikasema, "mtu mwenyewe ndiye huyu. Hana zaidi ya hapa."

Alizitazama, akaandika kitu kwenye daftari, akafunika kalamu. "Mama, siwezi kumfuta mtu kwa maneno ya mkewe. Wanawake wengi huwaficha waume zao Jumamosi. Aje mwenyewe, atamke mbele yangu kwamba hayupo, nitamfuta saa hiyo hiyo."

Nikamuuliza atakujaje ikiwa hayupo. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba na yeye haingilii.

Jumamosi iliyofuata niliingia mferejini mwenyewe kwa niaba yake, na kwa sababu ya matope nilivaa buti zake. Wanaume wenzake walinisifu sana. Waliniambia nimfikishie pole, maana si bure, lazima mtu huyo ni mgonjwa.

6. Mwanamke mwenye begi. Hapa ndipo maji yalipozidi unga.

Ijumaa iliyopita alifika mwanamke mgeni, mrefu, mikono ya mtu aliyezoea kupakua magunia. Hakubisha hodi. Aliinama mlangoni, akaigeuza buti ya kushoto, akakitazama kile kisigino. "Ni yeye," akasema. "Anakanyaga upande."

Mumewe, kama alivyonieleza akiwa ameshaingia sebuleni, aliaga miaka minne iliyopita kwamba anakwenda kununua betri za tochi. Nikamwambia buti hizi nimezinunua mitumbani. Akasema hata yeye angekuwa mimi angesema hivyo hivyo. Akapekua chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya mapazia ya wateja. Alipomkosa akakaa kwenye kiti cha marehemu, begi mapajani.

"Nitamsubiri."

"Dada, utasubiri nini? Hayupo!"

"Najua hayupo. Mimi kutokuwepo kwake nimekuzoea. Miaka minne."

Leo ni siku ya sita. Fujo hana, hilo niliseme. Anaamka kabla yangu, anafagia uwanja, na kwa kuwa hajui kukaa bure ameanza kunishonea vifungo. Anavishona kwa hasira, havitoki hata ukivivuta kwa meno. Lakini kila mlango ukilia anasimama wima, na mimi pia nasimama, sijui kwa nini. Kinyozi amekwisha kutangaza kwamba bwana ana wake wawili chini ya paa moja na hakuna anayepiga kelele, na heshima ya mtu huyu mtaani imepanda mpaka watu wanataka wamchague kwenye kamati.

Sasa hesabu yake ni hiyo. Ana wake wawili, mama mkwe, kiti cha mikono, barua mbili za serikali ya mtaa na mpinzani wa mpira. Ana kila kitu isipokuwa mwili. Kweli nimeisema kwa kinyozi, kwa mwenyekiti, kwa mama mkwe na kwa mgeni, na kila ninapoisema naonekana mke mwema zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, mchapishe katika ukurasa wa mbele, kwa herufi zinazosomeka hata na mtu aliye barabarani: "MWANAMKE WA NYUMBA YA MWISHO, MLANGO WA BLUU, HANA MWANAMUME. ANAISHI PEKE YAKE." Watu wa mtaa wetu kauli ya mdomo hawaiamini, wanaamini kilichopigwa chapa. Pili, mtaalamu aje mwenyewe Jumamosi hii, na koleo lake, azibue sehemu ya mfereji aliyopangiwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemleta. Tatu, ukurasa ule ufungwe kabisa kabla haujamwozesha mwanamke mwingine. Mimi nimenusurika kwa kuwa nina kazi ya mikono. Wapo watakaompenda.

Unisalimie wachapaji, wasambazaji, mchora vibonzo, mfagizi wa ofisi yenu, na mke wa mtaalamu, kama naye anaye wa kuonekana.

Ndimi, kwa heshima zote na subira kidogo iliyosalia,

Fundi Cherehani,
Nyumba ya Mwisho.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Leo mchana nimetoka kwenda kununua stempu, na nilipokuwa kwenye foleni wale wezi wamerudi, wawili, kwa dirisha lile lile la nyuma. Mgeni wangu alikuwa anashona vifungo. Akaona mguu wa mwanamume unaingia dirishani taratibu, kwa kunyata, kama mtu aliyechelewa kurudi na anajua amechelewa. Aliudaka ule mguu kwa mikono miwili, na kinyozi anasema sauti iliyotoka humo ndani ilisimamisha vichwa vyote kwenye saluni: "BETRI GANI ZINANUNULIWA MIAKA MINNE?"

Mwenzake alikimbia, akaparamia mfereji ambao, naona fahari kusema, nilikuwa nimeuzibua mwenyewe hadi chini, akazama mpaka kiunoni. Niliporudi nilimkuta mwenyekiti anaandika, kinyozi amesimama mbali na wembe wake kwa usalama, na huyo mwizi wa kwanza amekaa sakafuni, shati limebaki kola, anaapa kwa kila kiapo kwamba hajawahi kuoa katika maisha yake. Alipotajiwa polisi alibusu mkono wa mwenyekiti. Aliomba wafanye haraka.

Lakini yule dada, alipomgeuza mtu uso akaona siye, alimwachia, akarudi kwenye kiti, akalia kama mtoto. Nimemchemshia chai. Nimemwambia begi lake aliingize chumbani, lisimsumbue mapajani, na kazi ya vifungo ipo ya kututosha wote wawili.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, yaliyo juu yote yafute, na mtaalamu mwambieni asiache kuandika. Tafadhali sana, msichapishe kwamba sina mwanamume. Tunaye.