Makarani Watano, Dresa Mmoja

Jumatatu, 2 Machi 1953. Kitale.
Nimechoka, na juma ndiyo kwanza limeanza. Daktari Mkuu ameandika barua. Ijumaa anakuja kuhesabu wanaotibu na wanaoandika. Wanaoandika wakizidi, watafutwa kazi. Loo! Zahanati yetu ina makarani watano na dresa mmoja wa kufunga vidonda, Kemboi. Mimi ni karani wa daftari la wanaosubiri. Leo mzee mwenye kidonda cha mguu alipita meza zote tano. Kufika kwa Kemboi, saa za kazi zimekwisha! Kemboi akamfunga hivyo hivyo. Hana nidhamu kabisa.
Mke wangu Sellah ameuliza nikifutwa tutalala wapi, maana nyumba ni ya serikali. Nikamwambia Bumula, kwa mama yangu. Akasema kwa mama yako utakwenda peke yako bana.

Jumanne, 3 Machi.
Orodha ya wafanyakazi naipiga chapa mimi! Nimejiandika dresa. Nimeanua koti jeupe la Kemboi kambani. Linanibana kwapani. Absalom, karani wa daftari la waliokwisha kusubiri, amenitazama sana. Sikupenda.

Alhamisi, 5 Machi.
Absalom amekuja amevaa shuka jeupe la wodi kama koti. Ati nimwandike dresa naye, ama atanisema kwa Daktari. Nikamwandika. Kufikia saa sita nimewaandika na wale wengine watatu. Sasa madresa sita, karani hakuna! Hakuna aliyeandika chochote. Kemboi amemaliza wagonjwa wote mapema. Nimekaa kutwa bila kazi. Inachosha kuliko kazi.

Ijumaa, 6 Machi.
Daktari amekuja. Amefurahi! Kisha akaniambia nimfunge mguu yule mzee wa Jumatatu, aliyerudi kubadilishiwa bandeji. Nilifunga vizuri sana. Mzee akanong'ona kwamba kidonda kiko mguu wa pili. Daktari akaona. Nikajua nimekwisha. Lakini hakutufuta! Amesema hatufai kwa vidonda, ila kuchanja tutafundishwa, na huko Mlima Elgon kuna ndui. Watano tutakwenda, kwa miguu. Kemboi abaki, na daftari moja linamtosha. Nyumba imebaki yetu. Sellah amenifungia nguo kwa furaha ambayo sikuielewa.

Jumanne, 10 Machi. Mlima Elgon.
Baridi. Malengelenge miguuni. Leo tumechanja watu wengi mno, na mikono inaniuma. Ndipo nikajiuliza: nani anaandika waliochanjwa? Hakuna! Nimeazima meza kwa mwalimu wa shule, nikakaa. Absalom akanuna, akataka daftari la wasiochanjwa. Nimempa. Wengine wawili wanaandika waliokimbia na waliorudi. Mchanjaji amebaki mmoja, na foleni imefika mtoni. Wanalalamika tu, hawajui taratibu.
Daktari anakuja Jumatatu kutukagua. Nimemwandikia aje na meza tatu. Atafurahi.