Goti la Carlos Banza

Jumatano, 8 Aprili

Naahidi kusema yote. Yaya Gaëlle, dada yangu mkubwa, alinipa daftari hili siku alipohamia Lubumbashi kwa masomo. Akasema niandike kila kitu, hata cha aibu, nalo atalisoma yeye akija likizo. Haya, Yaya. Kila kitu. Nimechoka hata kabla sijaanza.

Cha aibu cha kwanza: msimu mzima wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya sijaona hata dakika moja. Tangu Septemba! Televisheni iko nyumba ya jirani, kwa Mama Clotilde, mwenye dishi la satelaiti juu ya paa. Mechi ni Jumanne na Jumatano. Jumanne Mama ananikataza, eti msichana hakai sebuleni kwa watu usiku. Jumatano kuna maombezi kanisani. Mama ndiye kiongozi wa maombezi. Yeye hakosi, kwa hiyo mimi sikosi.

Ninachokijua nimefundishwa kwa samaki. Papa huleta samaki kutoka ziwani Mwadingusha na kuwauza sokoni hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi. Usiku wa mechi husema amechoka, hujilaza na redio ndogo chini ya shuka, waya sikioni, na Mama hudhani amelala. Asubuhi, kabla ya kufunga magunia, hupanga ndakala juu ya mkeka, kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule, anionyeshe goli lilivyoingia. Ndakala ni samaki wadogo wakavu, wote sura moja. Carlos Banza peke yake huwa samaki mkubwa.

Carlos Banza alizaliwa hapahapa Kikula. Aliondoka akiwa na miaka mitatu, na sasa ni mshambuliaji huko Ulaya. Si ndugu yetu, ila jina ni moja, na Papa hujivunia kana kwamba alimnunulia viatu.

Ninataka kumwona kwa macho yangu. Mara moja tu. Akiwa na miguu.

Hadassa, binti wa Mama Clotilde, yuko darasa moja na mimi. Anaona mechi zote. Leo ameniambia mbele ya wote kwamba sijui mpira, najua samaki wa mboga.

Jumatano, 15 Aprili

Mpango wa kwanza. Maombezi huisha mechi ikiwa imekwisha. Lakini njia yetu ya kurudi inapita mbele ya dirisha la Mama Clotilde. Tukitoka mapema nitafunga kamba za viatu hapo. Polepole. Zote mbili.

Basi leo nilitangulia kanisani kufagia (Mama alifurahi sana) na nikaisukuma saa ya ukutani mbele kwa nusu saa.

Pasta Jeancy aliingia, akaitazama saa, akashika kichwa. Akatuomba radhi. Akasema tumemwibia Bwana nusu saa, na mwizi hurudisha mara mbili. Tukaongeza saa nzima.

Tulipopita dirishani Mama Clotilde alikuwa anakunja viti. Kamba zangu nilizifunga tu, kwa heshima ya mpango.

Alhamisi, 30 Aprili

Nusu fainali ya kwanza ilikuwa jana. Asubuhi Papa alipanga samaki. Kisha akamchukua yule mkubwa na kumlaza ubavu. Goti la kulia. Walimtoa uwanjani kwa machela.

Tulimtazama samaki muda mrefu, Papa na mimi.

Hadassa alikuwa amepanda juu ya tofali, kichwa chake kikachomoza ukutani. Akasema kwa sauti tamu: Papa Barnabé, umutie chumvi kidogo, atapona.

Papa alicheka. Mimi sikucheka. Nimechoka na Hadassa tangu darasa la tatu.

Jumapili, 3 Mei

Nimepata! Wazo limenijia wakati wa mahubiri, kwa hiyo huenda si langu.

Kanisani kuna kikapu cha maombi. Mtu huandika shida yake kwenye karatasi, bila jina, hutumbukiza, na Jumatano Mama Josée, katibu, husoma kwa sauti ili wote waombe. Hoja yangu ni hii. Mtu hawezi kumwombea mtu mwezi mzima asitake kumwona uso. Mama akishamzoea Carlos magotini, siku ya fainali nitamwambia tu: Mama, yuko pale kwa Mama Clotilde, kwenye televisheni. Atasimama mwenyewe. Na fainali (watafika tu) ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Hata msichana anaruhusiwa sebuleni kwa watu saa kumi na mbili.

Nimeandika: Ndugu Carlos Banza, mtoto wa Kikula, yuko Ulaya, mbali na kwao. Goti lake la kulia limeumia, na kazi yake yote ni ya miguu. Tumwombee goti.

Nimesoma mara tatu. Hakuna uongo hata mmoja. Mwalimu wetu wa dini angenipa nane juu ya kumi.

Alhamisi, 7 Mei

Mama Josée alisoma karatasi jana. Mama mmoja akauliza kama huyo mtoto ana vyeti vya kukaa kule. Mwingine akasema baridi ya Ulaya huingia kwenye mifupa na haitoki. Halafu Mama akaliombea goti dakika ishirini. Aliombea mfupa, akaombea mshipa, akaombea yale maji ya katikati. Watu walilia. Nililia mimi pia, na mimi nilijua.

Asubuhi hii, samaki. Carlos aliingia kipindi cha pili. Goti limefungwa kitambaa. Akafunga dakika ya themanini na nane! Wako fainali. Papa alimrusha yule samaki hewani na akamdaka.

Nilikuwa karibu kumweleza kila kitu. Sikumweleza. Mpango mzuri ni kama sufuria ya bukari, ukifunua kabla unga haujaiva inaharibika.

Jumatano, 13 Mei

Karatasi ya pili. Goti linaendelea vizuri, asanteni. Siku yake kubwa ni Jumamosi tarehe 30, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Tumkumbuke saa ileile.

Saa nimeitia makusudi, ili Pasta afute mazoezi ya kwaya ya Jumamosi hiyo na Mama abaki nyumbani. Hapo niliona mbali.

Jumapili, 17 Mei

Sikuona mbali.

Mama Josée aliziweka karatasi mbili pamoja. Zote zina miraba ya daftari la hesabu, zote kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani hapa kanisani ni moja. Nilipewa shuleni, zawadi ya mwandiko.

Mama aliniita nyuma ya jikoni. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo liliniogopesha.

“Reine, uyu Carlos ni mutoto wa nani?”

Nikajibu kwamba ni Banza, na kwamba Papa anamjua kuliko mimi. Papa akaitwa. Akanitazama. Akatazama mbingu. Akasema Banza ni Banza, kisha akaenda kufunga magunia ambayo alishayafunga jana.

Mama akauliza ni kazi gani hiyo ya miguu. Nikasema anakimbia. Akauliza kama ni kutwa nzima. Nikasema dakika tisini, mara nyingine mia moja na ishirini, na watu wanamfukuza kwa nyuma. Mama akafuta macho kwa kitenge. Akasema kumbe mutoto anateseka hivyo na ukoo mzima umenyamaza.

Kabla sijapata sentensi ya kuitengeneza hiyo, ikafika ibada ya jioni na Pasta Jeancy akatangaza. Kwa kuwa nyumba yenye mzigo imejulikana, tarehe 30 kutakuwa na mnyororo wa maombi nyumbani kwa Papa Barnabé. Kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwaya yote. Hakuna kutoka mpaka Bwana ajibu.

Papa aliinua mkono, akauliza kwa upole kama haiwezekani iwe Ijumaa. Pasta akasema karatasi imesema Jumamosi.

Karatasi imesema. Karatasi yangu.

Jumamosi, 30 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, ingawa mkono unauma.

Saa kumi na mbili kasorobo wakaja bamama kumi na watano wenye vilemba vya sherehe, virefu, vya kukata mwanga wa taa. Pasta alikaa mlangoni. Hakuna aliyeweza kutoka bila kumruka Pasta. Ng'ambo ya ukuta Mama Clotilde alikuwa anapanga viti. Niliwasikia hata waliosogeza vyao mbele. Nikasikia Hadassa akicheka.

Papa alivaa koti zito na alikaa kwenye kona giza, kiganja juu ya sikio la kushoto. Mama Josée alimwuliza ana nini. Akasema sikio. Nilijua ni sikio la namna gani.

Tukaanza. Nilipiga magoti nikamtazama Papa, kwa kuwa uso wake ndio uliobaki kuwa televisheni. Dakika kumi, akafumba macho kwa nguvu: tumefungwa. Baada ya mapumziko akasema “Amina!” katikati ya sala ya mtu mwingine: tumesawazisha. Bamama wakaitikia amina. Dakika tisini zikapita, zikaongezwa thelathini. Magoti yangu yalikuwa na hali mbaya kuliko la Carlos.

Saa mbili na nusu Papa alianza kutetemeka. Penalti. Sikuambiwa, niliona. Kila mara bega lake lilipanda, likashuka.

Mama Josée pia aliona. Akasema Papa huyu anaumwa sana na sisi tunaombea watu wa mbali. Akainuka, akaja na mafuta, akaondoa kile kiganja ili amwekee mkono.

“Iko na waya,” alisema.

Akauvuta. Waya ukatoka sikioni, ukachomoka na huko kwenye redio, na koti la Papa likapiga kelele sebule nzima: ni penalti ya tano, ya mwisho, na anayeuweka mpira chini ni Carlos Banza, mzaliwa wa Likasi, Carlos Banza na lile goti lililowatia watu wasiwasi mwezi mzima.

Pasta alibaki na mkono juu. Nilimwona Mama akiyaunganisha moja baada ya jingine, midomo ikitembea. Carlos. Banza. Goti. Dakika mia moja na ishirini. Wanaomfukuza kwa nyuma.

Papa alipeleka kidole kuizima redio.

“Acha,” Mama alisema, taratibu. “Ni mutoto wetu.”

Akanishika mkono. Sijui kama ilikuwa upendo au nisikimbie. Bamama wote wakasimama. Mtangazaji akasema mpira umepita juu. Juu sana. Kwisha.

Ng'ambo ya ukuta Hadassa alipiga kelele za furaha, peke yake.

Nilingoja mbingu iniangukie. Aliyesema kwanza ni Mama Josée, chupa ya mafuta bado mkononi. Goti lakini limesimama, alisema. Dakika zote hizo limesimama. Tuliomba goti, Mungu akatoa goti. Bamama wakakubaliana kwamba upande wa Mungu hakuna deni. Kisha vilemba kumi na vitano vikanigeukia.

“Sasa Reine,” Mama akauliza, “penalti haukuiandika sababu gani?”

Nikasema karatasi ilikuwa ndogo.

Halafu, Yaya, sikiliza. Mama alijifunga kitenge upya. Akasema amemwombea mtoto huyu mwezi mzima, hatalala bila kumwona uso. Yale maneno yangu, neno kwa neno! Akampita Pasta, akatoka, bamama nyuma yake, wakaingia kwa Mama Clotilde bila kubisha. Mpango wangu ulifanya kazi. Nataka hilo liandikwe mahali.

Lakini watoto huingia mwisho. Mbele yangu kulikuwa na vilemba kumi na vitano. Nilirukaruka. Nikaona majani ya kijani, ukubwa wa kiganja. Kisha mguu mmoja ukapita. Mama alisema mtoto amekonda, apikiwe. Bamama wakampungia mikono. Nikauliza kama mguu ule ulikuwa wake. Mama akasema ndiyo. Hadassa akasema ulikuwa wa refa.

Jumatatu, 1 Juni

Jana Pasta alinisimamisha mbele ya kanisa. Nitafagia mpaka mwisho wa mwaka wa shule, na saa ya ukutani imepandishwa juu zaidi (hiyo nilikiri mwenyewe, hakuna aliyeniuliza). Na kuna sheria mpya: kila karatasi ya kikapu lazima iwe na jina la mwandishi.

Asubuhi hii Papa alipanga ndakala. Mama alikuja na sufuria mkononi, akasimama, akauliza Carlos ni yupi. Papa akamwonyesha. Mama akamchukua yule samaki mkubwa, akamsogeza hatua mbili nyuma ya mpira, akasema hapa ndipo angeanzia kukimbia, kila mtu anaona. Akauliza wanaanza tena lini. Papa akasema Septemba. Mama akasema ni karibu.

Nilirudi chumbani, nikapanga upya. Kosa halikuwa kwenye mpango, lilikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa fupi. Safari hii nitaandika magoti yote mawili, vifundo vya miguu, penalti, upepo, akili ya kocha, na vilemba vifupi. Kuna miezi mitatu ya kuandika vizuri. Kalamu ya kijani nitaiacha.

Kwa hiyo, Yaya, nimebadili shauri, singoji uje. Nalifunga daftari hili kwenye mfuko wa ndakala na kumpa dereva wa basi la kesho. Soma haraka, umrudishie jibu dereva huyohuyo. Samaki ni wako wa kula, swali ni moja tu: kikapu cha maombi cha kanisa lenu huko Lubumbashi, kinauliza jina?