Mwanangu Jambazi Mwenye Adabu

Jumatano, 12 Novemba
Filamu ya Hemant wangu inatoka keshokutwa! Jambazi wa Mumbai anampenda binti wa hakimu, na Hemant ndiye mkono wa kulia wa jambazi. Anaua watu tisa. Tisa! Mtoto wa Shaku, jirani yangu, alitokea kwenye tangazo la sabuni, akalowa tu.

Shida moja. Mwalimu Parulekar, yule mstaafu. Nyota za Hemant na za binti yake Vaidehi zimepatana kwa ndoa, alama thelathini na moja kati ya thelathini na sita! Limebaki neno lake la kukubali tu. Nami nilishamwambia kwamba mwanangu anaigiza inspekta wa polisi. Ulimi uliteleza. Mara tatu.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimewapelekea akina Mwalimu ladu, vile vitamu vya duara vya ufuta. Nikasema sinema ya mtaani kwetu imejaa kunguni, wasithubutu. Mwalimu akasema ahsante mama Hemant kwa kutuonya, basi tutaenda ile ya Dadar. Akanunua tiketi kwenye simu, pale pale. Nne. Yake, ya mkewe, ya Vaidehi. Na yangu!

Ijumaa, 14 Novemba
Hemant akatokea na bastola. Nikamnong'oneza Mwalimu kwamba huyo ni inspekta amejificha ndani ya genge. Kufika maiti ya nne akaniambia nyamaza mama, tusikie. Nikafumba macho, nikasubiri posa yangu izikwe.

Kumbe! Kabla ya kila mauaji Hemant anamwinamia mama mzee wa jambazi, anamgusa miguu. Jumanne hali nyama, kwa heshima ya mungu wake. Mke wa Mwalimu alifuta machozi. Mwalimu mwenyewe akasema kijana ana malezi huyu. Nikavimba kama mkate wa puri kwenye mafuta.

Halafu mwishoni binti wa hakimu anatoroka na jambazi wake. Nani kashika usukani? Hemant. Mwalimu akasimama, akatoka bila kuaga.

Jumamosi, 15 Novemba
Jibu la Mwalimu limekuja kwa simu. Wale tisa si neno, walikuwa watu wabaya. Lakini anayetorosha binti wa watu haingii nyumbani kwake. Nikamwambia, mzee wangu, kashika usukani tu, hata nyuma hakugeuka. Akakata simu.

Kusema kweli pale hata mimi nilichefukwa. Kuua sawa, lakini kuoana bila kuwauliza wazazi! Nimemwagiza Hemant amwombe mwongozaji aifute sehemu ile, aongeze maiti mbili. Hakunisikia. Anatazama simu, anacheka peke yake. Maskini, mshtuko.

Jumatatu, 17 Novemba
Wametoroka! Hemant na Vaidehi! Wameoana asubuhi kwenye hekalu moja Thane, kwa mashada ya maua na kila kitu. Nani duniani anatoroka na mchumba aliyechaguliwa na mama yake?

Nikaangua kilio. Shaku akaja mbio, uso umejaa furaha, ananipa pole. Nikajifuta, nikamwambia pole ya nini, shoga? Mpango wangu huo, tangu mwanzo.

Jioni maharusi wakafika. Vaidehi akainama, akanigusa miguu kabla hata ya kuvuka kizingiti. Malezi! Hemant akasema mama, wewe ndiye uliyesema huyu hana mfano, ningemwachaje? Nikawalisha ladu kwa mkono wangu.

Mwalimu akapiga simu, ananguruma. Eti nimemdanganya na inspekta wa uongo, nimemwibia binti mchana kweupe. Nikamwacha mpaka akaishiwa pumzi. Nikamwambia mzazi mwenzangu, njoo ule kwa mwanao, yaliyopita yamepita. Kisha akauliza kama Vaidehi amekula.

Moyo wangu ukalainika kabisa. Nikaona nimfariji. Nikamuuliza yule mdogo wa kike wa Vaidehi amefikia mwaka wa ngapi chuoni, maana nina mpwa Nagpur, kijana mtulivu, meneja wa benki.

Na benki yupo kweli, kila siku. Mlango wa mbele wote ni wake kuulinda.