Vijana Arobaini wa Nyumba ya Kivuko

Jumatatu, 15 Mei

Karani wa meya alinipigia simu kabla sijamaliza kunyoa. Kuna mtu anaitaka nyumba yetu ya kivuko. Anataka kuweka matairi. Kivuko chenyewe kilishakufa, lakini miaka sita sasa tunafundisha vijana kuigiza na kuchora mle ndani, Danube ikipita chini ya dirisha. Leo baraza linasema labda matairi yana faida zaidi.

Uamuzi uko mikononi mwa Mama Kapinova, mwenyekiti wa kamati ya utamaduni. Atakuja kututazama kwenye uwanja wa mji tarehe 24, Sikukuu ya Herufi, siku ya kuienzi alfabeti yetu. Karani akaniuliza kwa upole chama changu kina vijana wangapi. Nikasema arobaini.

Ninao tisa.

Hiyo arobaini sijui ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe. Mke wangu Rumyana alikuwa akisikiliza, sufuria mkononi. Akasema, "Tsvetomir, mdomo wako huwa unaondoka nyumbani bila wewe." Nikamjibu kwamba kiongozi huanza na idadi, watu hufuata. Wamebaki thelathini na mmoja tu.

Jumatano, 17 Mei

Adui yangu ni Velichka. Tulisoma darasa moja. Anaongoza ngoma za asili kwenye nyumba ya utamaduni. Ana wachezaji sitini, mavazi ya kutariziwa, na piano. Ile piano niliiomba mimi kwanza. Tangu hapo hatusalimiani, ila kwenye mazishi.

Mkakati: kuwavuta vijana wake kwa tumbo. Rumyana alioka sinia nne za banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, akinung'unika. Nikabandika tangazo: njoo uigize, ule. Walikuja ishirini na wawili. Nikawahesabu mara mbili. Wakala. Wakaondoka. Aliyebaki ni Bai Gancho, mwenye miaka sabini na moja, akiuliza kama kuna kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo.

Nimemwandikisha. Jumla kumi.

Nikiwa nafagia makombo akanijia Desislava. Ana miaka kumi na saba, na mchezo wetu ameuandika yeye. Alizunguka na daftari kwa wazee akiuliza kivuko kilikuwaje, nani alivuka kwenda Romania kuoa, nani hakurudi. Bibi yake yumo ndani ya mchezo. Akasema, "Mkurugenzi, mchezo una watu tisa. Na sisi tuko tisa." Nikamshukuru, nikamwambia mambo ya utawala aniachie mimi.

Ijumaa, 19 Mei

Nimempata Bozhan, kocha wa mpira. Ana vijana kumi na wanane, wote wana pumzi. Atanipa wote siku ya sikukuu, mradi nipige tarumbeta kwenye harusi ya binti yake. Sijaishika tarumbeta tangu nitoke jeshini. Nimekubali. Vijana wake watakuwa mto: watashika vitambaa vya buluu na kuvuma.

Hao ni ishirini na nane. Kumi na wawili waliopungua nitawashona. Vikaragosi vya mashuka, kila kimoja juu ya mti wake. Kutoka mbali nani atajua?

Vijana wangu wamekataa kuvishika. Wanasema kikaragosi si kijana. Kizazi hiki kinapenda sana sheria.

Jumapili, 21 Mei

Mazoezi na mto. Mto ulivuma vizuri kwa dakika mbili. Kisha ukaanza kuimba nyimbo za timu. Kisha mmoja wao akatoa mpira, sijui alikuwa ameuficha wapi, na pazia tulilolichora kwa miezi mitatu likapata tundu la kupitisha kichwa, pale pale palipokuwa na Romania.

Ili mto upate nafasi nilikuwa nimekata mchezo kidogo. Kidogo tu. Ile sehemu ya bibi. Desislava alifunga daftari lake. Alienda kukaa kwenye ngazi akitazama maji, ametupa mgongo sote. Nilisimama nyuma yake na hotuba nzima kichwani, juu ya kujinyima kwa ajili ya wengi. Haikutoka. Haijawahi kunitokea.

Baadaye nilienda kwa Velichka. Naandika kwa aibu. Nilitaka kuazima kwake wachezaji kumi na wawili. Alinikaribisha kahawa na jamu ya cheri, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Tsvetomir, bwana, una watoto tisa. Mji mzima unajua. Muuza magazeti anajua. Waache waigize." Nikamuuliza kama ana mpango wa kuniangusha. Akasema, "Kunywa kahawa, inapoa."

Mtego dhahiri. Kahawa nilikunywa.

Jumanne, 23 Mei

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Ngoma za Velichka zinatutangulia jukwaani. Nimechapa ratiba mpya: "Chama cha Sanaa cha Vijana wa Kivuko. Sehemu ya kwanza: ngoma. Sehemu ya pili: mchezo." Hapo hakuna uongo, kuna mpangilio. Nakala ni moja tu. Kesho itakuwa juu ya kiti cha Mama Kapinova.

Rumyana ameisoma. Ameuliza ndugu zangu wanaishi wapi siku hizi, ajue pa kunipeleka.

Jumatano, 24 Mei

Saa kumi alasiri. Suti yangu inachuruzika maji kwenye kiti.

Asubuhi yalikuja mashada ya maua, maandamano ya shule, hotuba. Kisha ngoma. Walipomaliza, Mama Kapinova akainuka na karatasi yangu mkononi, akaomba kipaza sauti, akampongeza Velichka kwa kukubali hatimaye kujiunga na chama changu.

Velichka akanitazama. Namjua tangu tuna miaka saba. Ndivyo alivyonitazama siku niliyovunja dirisha la darasa akaadhibiwa yeye. Akachukua kipaza sauti. Akasema kwamba ni furaha kwao kushirikiana na vijana wa kivuko. Akashuka. Mpaka sasa sielewi kwa nini.

Hapo mvua ikaja, umeme ukakatika. Wachezaji sitini wakakimbilia chini ya mapaa ya maduka. Mto ukaenda kula nyama ya kuchoma, na Bai Gancho akaenda na mto. Vikaragosi vikalowa, vikainamisha vichwa kama wafiwa. Nikatangaza kwamba onyesho limeahirishwa. Hakuna aliyenisikiliza. Tisa walikuwa wameshapanda jukwaani.

Waliigiza bila kipaza sauti, wakishindana na mvua. Sehemu ya bibi ilikuwa imerudishwa, bila ruhusa yangu. Bibi, wakati huo msichana, amesimama gatini siku ya safari ya mwisho ya kivuko. Ng'ambo kuna mtu anampungia kofia. Naye anasema, "Usiache kupunga. Mimi nitaacha nikishindwa kukuona." Hakuna aliyeondoka uwanjani. Miavuli ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Vikongwe wa mstari wa mbele walikuwa wakiyasema maneno pamoja naye, kwani yalikuwa yao. Vijana walipokuwa wakishuka, Velichka alikuwa ameshafika nyuma ya jukwaa na majoho ya sufu ya wachezaji wake, akawafunika mmoja mmoja. Nilipenga kamasi mara tatu. Nadhani ni mafua.

Mama Kapinova akaja, viatu vimejaa maji. Akaniuliza usoni vijana wangu ni wangapi. Nikafungua mdomo.

Desislava akaniwahi. "Tisa, mama. Wengine ni mashuka."

Mama Kapinova alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema hao tisa atawapigania barazani, na mwenye matairi atafute kwingine. Sharti ni moja: kuanzia leo kila nikitaja idadi kwenye karatasi, Velichka atasaini chini yangu.

Alhamisi, 25 Mei

Ushindi. Nimekaa kuchambua sababu zake. Ni wazi kabisa: bila arobaini yangu, nani angetoka nyumbani kuja kututazama? Vijana wamefanya vizuri pia, sikatai, lakini uwanja niliwaandalia mimi.

Nimempelekea Velichka chupa ya asali, nikamwambia nimemsamehe. Alinifungia mlango. Asali aliichukua.

Saa nne Mama Kapinova alipiga simu. Mji wa ng'ambo, kule Romania, umesikia habari za mchezo wetu. Wanauomba mwezi ujao, kwenye tamasha lao. Akauliza kama tunao kwa Kiromania. Nikasema tunao tangu mwanzo. Tuliutunga kwa lugha mbili.

Rumyana amekaa chini polepole, ameuliza nani kati yetu anajua Kiromania. Hilo ni swali la mtu asiye na maono. Kitabu nimekwisha kuazima maktaba na nimefika ukurasa wa nne. Tayari naweza kuomba mkate.