Ombi la Kumsahaulisha Mjukuu Wangu Kuzidisha

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni yule fundi cherehani wa kibanda kinachotazamana na geti la shule yako, babu wa yule binti wa darasa la pili asiye na meno ya mbele. Nakuandikia kwa heshima zote nikiomba mwalimu wake amsahaulishe kuzidisha, ikiwezekana kabla ya Ijumaa. Sababu ni hizi.

1. Kila jioni mimi na mjukuu wangu tulikuwa tukihesabu vifungo vya mashati ya kesho, kimoja kimoja, yeye kakaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, mimi kwenye kigoda. Nikikohoa, hesabu inapotea, tunaanza upya. Sasa anavipanga safu sita, kila safu vifungo vinane, anatamka arobaini na nane, halafu huyo, kaenda kuruka kamba. Nakohoa mpaka mbavu zinauma, hakuna kinachopotea.

2. Anawapanga wateja wangu watatu watatu. Juzi bwana mmoja mrefu alibaki peke yake, akaambiwa atoke akatafute wenzake wawili ili safu itimie. Alitoka. Hajarudi, na koti lake bado lina mkono mmoja.

3. Hili naliandika nikiwa nimefunga mlango. Bibi yake alimwuliza: babu akitoa ahadi tatu kwa siku, kwa wiki ni ngapi? Mtoto akajibu ishirini na moja, bila hata kutumia vidole. Na anazotimiza je? Akasema sifuri haina shida, hata ukiizidisha inabaki vile vile. Mheshimiwa, ndoa yangu imehimili mengi, lakini haikujengwa kwa jedwali la tatu.

Kujumlisha kulikuwa na ubaya gani? Kunakwenda polepole, kunampa mtu nafasi ya kukaa na mwenzake. Nasema bila kuficha: namkosa mtoto huyu, na yuko hapo nje tu, nasikia kamba yake ikipiga chini.

Kama kumsahaulisha hakuwezekani, basi shule itoe agizo kwamba vifungo havizidishwi.

Wasalimie walimu wote, mpiga kengele na mlinzi wa geti. Mwalimu wa hesabu msalimie pia, ila kwa ufupi.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Fundi wa mkabala na geti

N.B. Barua hii usiifanyie kazi kwanza. Jana nilipokuwa natafuta bahasha, mtoto aligundua kwamba babu yake hajui jedwali la sita. Alinikalisha kwenye kigoda, akashika rula yangu, akaanza kunifundisha. Nikikosea, tunarudi mwanzo, kwenye sita mara moja. Tulirudi na kurudi mpaka chakula kikapoa. Tafadhali mwambie mwalimu asikimbilie jedwali la saba, mimi bado sijaelewa. Na kile kikohozi changu nacho kimenirudia.