Fungu la Ndege

Arcade alimkuta mzungu nje ya stesheni ya Mpanda, mwaka tisini na sita, kaelekeza darubini kwenye paa la bati anamwangalia kunguru. Kunguru! Ndege ambaye mjini kwetu hata mbwa hamgeukii. Arcade akajua riziki yake imefika.

Mzungu huyo, Bwana Anders, alikuwa mchimba visima na mkataba wake ulikuwa unaishia. Mji mzima ulijua alichotangaza: pikipiki yake, Honda nyekundu, atamwachia mtu atakayemwonyesha ndege ambaye hajawahi kumwona. Watu walishampelekea kanga, kuku kishingo, na popo mmoja mwenye hasira.

Arcade wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Alikuwa na suruali ya kunyooshwa na Kifaransa cha kumchanganya mtu. Ndege aliwajua wa aina mbili tu: wanaoliwa na wasioliwa.

"Bosi, mwache huyo mhuni," alisema. "Kule milima ya Mwese, juu kabisa kwenye baridi, yuko Kadinali."

"Kadinali?"

"Kifua chekundu. Anaimba vizuri mno, ila ana aibu. Mimi ndiye mwongozaji wa ndege huko. Oui, monsieur!"

Jioni hiyo Arcade akamtafuta Ngusa, Msukuma wa Majimoto, ambaye mluzi wake ulikuwa unasimamisha ng'ombe dume. Mpango ulikuwa mwepesi: Ngusa atangulie mlimani, ajifiche kichakani, awe Kadinali.

"Na pikipiki tunagawanaje, kaka?"

"Pikipiki haikatwi, Ngusa. Itakuwa yangu, wewe nitakuwa nakupa lifti."

Ngusa akaitikia, "Haya." Ndugu msomaji, Msukuma akikubali haraka hivyo, hesabu ng'ombe wako.

Wakapanda mlima. Arcade na viatu vyake vya kung'aa alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, mzungu anaruka mawe kama mbuzi.

"Arcade, yule mwenye mkia mrefu ni nani?"

"Huyo mgeni, bosi. Si wa hapa."

"Na yule mdogo?"

"Mtoto wa yule mgeni."

"Lakini rangi zao tofauti."

"Mambo ya familia hayo, bosi. Tusiyaingilie."

Kileleni mluzi ukalia kutoka kichakani, mtamu, wa kuteka roho. Mzungu akapiga magoti, darubini jichoni, akatafuta mpaka macho yakatoa machozi.

"Simwoni."

"Hata Mungu nani kamwona? Na Jumapili kanisa linajaa!"

"Nilisema kumwona, Arcade." Mzungu akakaa juu ya jiwe, mnyonge. "Unajua ninachokitamani kuliko huyo Kadinali? Ndege wa asali. Nimesoma kwamba anawaita watu, anawapeleka kwenye nyuki, na wao wakivuna wanamwachia fungu lake. Nikiona mtu anamwachia ndege fungu lake, na ndege anakula, ufunguo wa pikipiki natoa hapo hapo."

"Sawa kabisa, bosi," alisema Arcade. Hakusikia hata neno, alikuwa anachomoa mwiba kwenye soksi. Kichakani, Ngusa alisikia lote.

Mara mluzi ukabadilika, ukawa ule wa warina asali. Haikupita muda kikaja kindege cha kahawia kinapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Nyuma yake akatokea mchungaji mmoja, fimbo begani, kama mtu anayepita zake.

"Habari za huku, wageni," alisema Ngusa, uso mkavu. "Huyu ndege anatuita. Twendeni."

Arcade akamtolea macho, lakini angesema nini? Wakafuata, mti hadi mti, mpaka kwenye gogo lenye pango. Ngusa akawasha majani, akafukiza nyuki, akatoa masega. Mzungu akabaki mbali kidogo na darubini yake, hapumui.

Ngusa akachagua sega nono, akaliweka juu ya jani. Halafu akanong'ona, "Kaka, hilo lako. Kula upesi, mimi nimeshiba."

Arcade hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Akala lote, na vidole akalamba.

Mzungu akashusha darubini taratibu. "Arcade. Umekula fungu la ndege."

"Masikini kiumbe wa watu!" alisikitika Ngusa. Akavua kofia, akaweka sega lingine kwa mikono miwili. Kindege kikashuka, kikadonoa nta. Mzungu akalia waziwazi, akatoa ufunguo mfukoni.

"Bosi, huyo tapeli!" Arcade alipayuka. "Namjua, ni mwenzangu! Ndiye alikuwa Kadinali!"

"Kwa hiyo," aliuliza mzungu, "Kadinali hayupo?"

Arcade akainama kufunga viatu vyake vya kung'aa. Mzungu akamkabidhi Ngusa ufunguo.

Arcade alikaa na uchungu huo mpaka mavuno, halafu akaenda Majimoto kudai nusu yake.

"Pikipiki?" alishangaa Ngusa. "Nilibadilisha na ng'ombe."

"Basi nipe nusu ya ng'ombe!"

"Ng'ombe nilitoa mahari. Nyanzala, mama, njoo umsalimie shemeji yako!"

Akatoka binti mrefu, mcheshi, na kibuyu cha maziwa. Nyuma yake wakasogea kaka zake, wengi, kila mmoja na fimbo, waje kumwona mgeni. Arcade alipekua maneno yote aliyonayo, na Kifaransa juu yake, hakupata hata moja la kudai nusu ya mke wa mtu.

Akanywa maziwa, akashukuru, akauliza njia ya kurudi Mpanda kwa miguu.