Mota ya Baiskeli, Halua na Mafuta ya Papa

Jamaa zangu, leo nimeadhirika. Na nimeshinda! Nimeazima kompyuta ya ofisini niwaandikie kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnaijua baiskeli ya umeme ya bosi wangu, yule mzungu, Mama Greta, hapa Diani. Mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma. Ya kwanza iliuawa na hewa ya chumvi, ikala kutu hadi ikakwama. Hii mpya nikaapa, wallahi, haitaingia tone la maji. Asubuhi nikaipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua. Boliti zote. Pale waya unapoingilia nikaziba kabisa. (Fundi bila cheti, lakini fundi.)

"Mvua inakuja," akasema Mama Greta. "Nenda nayo mbali tuone."

Mbali? Gazi! Ndiko kwa kina Mwanasiti. Posa yangu ilikwisha kupelekwa. Leo shangazi zake walitaka kuniona kwa macho kabla ya kujibu. Nikavaa kanzu, nikafunga halua nyuma ya kiti, nikaondoka.

Mvua ikanikuta njiani. Madimbwi hadi katikati ya gurudumu. Mota? Vuuu! Haikukohoa. Waliokuwa wakisukuma baiskeli zao nikawapungia mkono. (Kiburi, naam.)

Nisilolijua: mota ikipata moto, sifa inayeyuka. Na gurudumu linarusha.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

Nikawaamkia shangazi shikamoo mmoja mmoja. Shangazi mkubwa akamega halua, akatia kinywani. Akatazama dari.

"Mwanangu," akasema kwa adabu, "halua hii umeinunua dukani au kwa wavuvi?"

Kabla sijajibu, paka wakaingia. Wa nyumba hiyo, wa jirani, na wengine sijui wa nani. Moja kwa moja nyuma yangu! Kumbe kanzu, kuanzia kola hadi chini, ina mstari wa mafuta. Mmoja akaanza kunilamba mgongo. Nami nimekaa tuli, nasema "Alhamdulillahi," sijui kwa nini.

Nyuma ya pazia kikapasuka kicheko. Mwanasiti! Alicheka mpaka akapaliwa.

Shangazi akawageukia wenzake. "Mwari akinyamaza huwa ameridhia. Huyu amecheka kabisa! Haya, tupange siku."

Jioni mimi na Mama Greta tumeifungua mota. Kavu kama Kinango wakati wa ukame.

Harusini mnaalikwa nyote. Ila anayecheka sasa hivi, huyo hapati pilau.